Gitaa Lililokwenda Newala

Harufu ya salfa hunirudisha Chiungutwa haraka kuliko kitu kingine chochote. Miezi ya baridi, mikorosho inapoanza kuchanua, wakulima huamka mapema na kupuliza ule unga wa manjano juu ya miti, na kijiji kizima kikanuka kiberiti. Harufu iliingia kwenye shuka, kwenye maji ya mtungi, hata kwenye uji. Nyumbani kwetu kilichoonewa zaidi ni gitaa la baba. Salfa ikizifikia nyuzi, zinakuwa nyeusi baada ya siku chache tu, kwa hiyo msimu ulipoanza baba alilifunga gitaa lake kwa kitenge cha mama na kulitundika sebuleni. Mama alilalamika kwamba kuna mke mwenza ukutani anayevishwa vizuri kuliko yeye. Alilalamika huku akicheka.

Baba alilinunua gitaa lile kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama Chidya, na alikuwa akisimulia kwamba siku za kwanza lilikuwa na kigugumizi. Ukigusa uzi, sauti inatoka na kukatika papo hapo. Akalipiga kila jioni akitoka shamba, akalipiga kanisani kila Jumapili, na kwa maneno yake mwenyewe ubao ukafunguka taratibu, mpaka sauti moja ikawa inakaa hewani muda wa mtu kuvuta pumzi. Aliamini kwamba gitaa linajifunza, na kwamba lisipopigwa linalala. Mwalimu Yohana, aliyefundisha kwaya yetu na aliyekuwa rafiki wa baba tangu jandoni, hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Yeye alisema ubao ni ubao, kilichojifunza ni vidole vya baba; apewe mchunga mbuzi gitaa hilohilo, tuone kama litakumbuka chochote. Walibishana miaka na miaka kwenye benchi la nje, wakitaniana kwa Kimakonde, hakuna aliyemwachia mwenzake hata kidogo. Mimi, binti wa kwanza, nilikuwa upande wa baba katika mambo yote, na hili likiwemo.

Nilikuwa darasa la nne baba alipougua, katikati ya msimu wa salfa. Alilazwa Masasi na hakurudi akitembea. Wakati wa matanga mama alikifungua kile kitenge akajifunga mwenyewe, gitaa likabaki tupu ukutani, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Watu walipopungua na mama akarudia kutwanga uani, nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulisikia baba alipokuwa hai. Kila mchi ulipotua kwenye kinu, nyuzi ziliitika zenyewe kwa mvumo mdogo sana, ambao ulihitaji nyumba iliyonyamaza ili usikike. Nilikuwa nasimama chini yake nimeegemeza shavu ukutani. Sikudhani baba amefufuka. Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Lakini niliamini kwamba yote aliyoufundisha ule ubao yalikuwa bado mle ndani, na kwamba asipoligusa mtu mwingine yatabaki. Sijawahi kuwa na mali ya thamani kuliko mvumo ule.

Ndiyo maana siku ya arobaini ilinivunja. Kwetu, kwa desturi ya wazee, mwanamume akifa vitu vyake huwafuata wapwa zake, watoto wa dada yake, si watoto aliowazaa. Shangazi alishuka kutoka Newala pamoja na mwanawe Dismas, kijana aliyekuwa akijifunza ushonaji, ambaye baba alikuwa akimfundisha gitaa kila alipokuja kututembelea. Wazee waliongea kwa upole. Mikorosho tuliachiwa, nyumba tuliachiwa, wala sikumbuki mtu aliyetuonea. Dismas alichagua gitaa tu. Nikaenda kusimama chini ya gitaa, mgongo ukutani, nikasema haliendi kokote. Watoto hawakuwa wakisema kwenye kikao kama kile, na shangazi alitazama chini kwa aibu kwa niaba yangu. Mama hakunikaripia. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, amejifunga kitenge kilekile, akauliza kwa sauti ya chini, "Stella, unajua kulipiga?"

Nilisema nitajifunza. Akaniuliza nani atanifundisha.

"Baba yako alisema lisipopigwa linalala," mama akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimuunga mkono. Sasa unataka lilale?"

Nilimchukia kwa kunifunga na maneno ya baba mwenyewe. Nilisogea pembeni. Dismas alilitundua kwa mikono miwili na kuniambia kwamba nikitaka kulisikia niende Newala. Sikwenda. Nilikua, nikasoma, nikaolewa Masasi mjini, na safari zote za Newala nikazitafutia sababu ya kutokwenda. Mama aliendelea kutwanga, na ukuta haukuitika tena.

Mwaka huu nilikosa sababu, kwa kuwa Dismas alikuwa akimwoza binti yake. Nilipanda kwa gari asubuhi yenye ukungu, na kule juu baridi ilikuwa ileile waliyokuwa wakituhadithia utotoni. Kanisani nilikaa karibu na Mwalimu Yohana, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku amenishika mkono bila kuuachia. Kisha Dismas, kichwa kimejaa mvi, akaanza kupiga. Nilitega sikio kuitafuta sauti ya sebuleni kwetu, ile nyembamba yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni. Haikuwepo. Sauti iliyotoka ilikuwa nene na tulivu, ikajaza kanisa bila kupazwa. Mwalimu Yohana alisikiliza wimbo mzima amefumba macho, halafu akaniinamia.

"Mwambie baba yako ukienda kaburini," alisema. "Amenishinda. Hii si kazi ya vidole peke yake, ubao umejifunza."

Ningepaswa kufurahi, upande wangu ulikuwa umeshinda. Badala yake nilishikwa na uchungu ambao sikuujua tangu ile siku ya arobaini. Kama Mwalimu Yohana angekuwa sahihi, na kilichojifunza ni vidole tu, basi sauti ya baba tuliizika siku ileile tuliyomzika, na nisingekuwa na cha kudai. Lakini kama baba ndiye aliyekuwa sahihi, basi sauti yake ilikuwa kweli ndani ya ubao ule, na kila wimbo alioupiga Dismas miaka yote hii ulikuwa ukiibadilisha.

Mchana, nyumbani kwa shangazi, Dismas aliniletea lile gitaa uani na kuniwekea mapajani. Rangi ilikuwa imelika mahali baba alipokuwa akiegemeza mkono, na kuizunguka alama ile kulikuwa na nyingine, kubwa zaidi, ya mkono wa Dismas. "Dada, sasa uwe nalo wewe," alisema. "Mimi nimelitumia vya kutosha." Siku hizi Chiungutwa mahindi yanakwenda mashineni, na kinu cha mama kimegeuzwa kuwa kiti cha kuku. Lakini uani pale wasichana walikuwa wakitwanga kisamvu cha harusi, wakipokezana. Niliweka shavu juu ya ubao, mtu mzima mbele ya wageni, nikasubiri mchi utue. Lilivuma. Nilikuwa nimejiambia kwamba walau mvumo huo, usiopigwa na kidole cha mtu yeyote, utakuwa uleule. Nao ulikuwa umebadilika, umekuwa mzito na mrefu, ukakaa hewani hata baada ya mchi kunyanyuliwa. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwetu. Nilimrudishia Dismas gitaa lake nikamwambia aendelee kupiga, kisha nikageuka upande wa jikoni ili wasinione nikilia. Baba angeipenda sauti hii. Angeipenda kuliko ile yake.