Fundi na Mbio za Mwisho

Fundi wa malori pale Tarime hakujua kusikiliza redio kwa kutulia. Nairobi wakitangaza mbio za magari, alikalia pipa la oili, akashika usukani uliong'olewa kwenye lori bovu, akakata kila kona pamoja na mtangazaji, mguu wa kulia ukikanyaga udongo. Mzee Mseti alikuja kila mbio tangu amzike mkewe, kwa kuwa hapo hakuna aliyempa pole. "Shikamoo mzee, shika vizuri, kuna kona," fundi alimwambia bila kugeuka.

Mbio za mwisho za mwaka zilifika. Dereva waliyemshabikia mwaka mzima akishinda, ndiye bingwa wa dunia. Duka la kijiji halikuwa na betri tangu mavuno, kwa hiyo zile za zamani zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi. Ilipobaki mizunguko miwili, sauti ikafifia. "Usife, mama yangu, usife!" fundi aliisihi redio. Akazitoa betri aziume ili ziamke, lakini meno yake ya mbele jeki iliyachukua zamani.

"Lete," alisema Mseti. "Haya yamekula ugali wa ulezi." Akaziuma zote, akatema mate meusi, akazirudisha. Redio ikakohoa, halafu ikapaza sauti: dereva wao ameshinda! Fundi akampakia mzee mgongoni, akazunguka naye uwanja mzima akinguruma kama injini, na kina mama wa gulio la jirani wakapiga vigelegele.

"Nishushe, utaniangusha!" Mseti alipiga kelele, akicheka mpaka machozi.

"Bingwa hashushwi!" akajibu fundi, akaongeza gia.