Puto la Shangazi

Shangazi yangu ndiye fundi wa seva ya hospitali, na kwa kugawa kidogo kikatosha wengi, simjui wa kumpiku. Ndani ya seva moja anaendesha kompyuta pepe tano, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu tu: ya mapokezi, maabara, picha za eksirei, dawa na mishahara. Kila moja inajiona ina mashine yake peke yake. Ikiitisha ukurasa wa kumi, yaani kipande cha kumi cha kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, inapewa. Haijui kwamba seva imechungulia jedwali lake kwanza, na kwamba ukurasa wenyewe umelala kwingine kabisa. Tena ukijumlisha kumbukumbu aliyoziahidi zote tano, inazidi iliyopo. Nilimwambia huo ni utapeli. Alicheka hadi akavua miwani, akasema hazishikwi na njaa zote kwa wakati mmoja.

Kila moja ameiwekea puto, programu ndogo tu. Nafasi ikibana, puto linavimba kwa kudai kumbukumbu humo ndani, na kompyuta pepe yenyewe inachagua kurasa isizozihitaji, inaiachia seva.

Mimi, msaidizi wake mjuaji, nikaona maputo yanakula nafasi bure. Shangazi alipokuwa likizo nikayafuta yote.

Asubuhi aliyorudi, maabara iliganda. Mama mmoja alikuwa anavuja damu baada ya kujifungua, na majibu ya kundi lake la damu yalikuwa humo. Bila maputo, seva haikuwa na wa kumuuliza tena kurasa zipi hazihitajiki, ikawa inanyakua kurasa kwa kubahatisha na kuzitupa kwenye diski, za maabara zikiwemo. Nikamwambia shangazi nilichofanya.

Hakunikaripia. Aliketi, akarudisha puto kwenye mishahara na kwenye picha, akalivimbisha taratibu. Nilitaka azizime tu hizo mbili. Akakataa, akisema huenda kuna daktari anatazama picha sasa hivi.

"Usimpokonye mtu wakati hujui ameshika nini," alisema. "Mwombe."

Baada ya dakika nne maabara wakapiga simu: majibu yametoka, damu inapelekwa wodini.

Mkuu wa kitengo akaingia amefura, akitaka kujua nani kafuta maputo. Niliinamisha kichwa, nikijua kazi imeota mbawa.

"Kosa ni langu," shangazi alisema. "Huyu nilimfundisha nusu."

Mkuu alipotoka nilikuwa nalia waziwazi. Shangazi akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Haya, kaa," akaniambia. "Tumalizie nusu iliyobaki."