Filamu Niliyoihukumu Nikimenya Ndizi

Jamani, hii aibu nilipanga nife nayo, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Lemara wameshaipata, tena ikiwa imetiwa chumvi, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mdomo ninao, hilo mnalijua. Ndiyo maana nikachaguliwa mmoja wa waamuzi watatu wa filamu za vijana wa hapa Arusha, tupime kama zinaonyesha watu wa kila aina na kwa heshima, na filamu ambayo wote watatu tungeipitisha ingeonyeshwa mashuleni. Nikatumiwa kwenye simu filamu ya binti mmoja wa Olmotonyi, Nasieku, kaicheza na mama yake mzazi, wanatafuta ndama aliyepotelea mlimani.

Sasa wiki hiyo wifi yangu alikuwa amejifungua, na kwetu Wachaga mzazi akikosa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ni kesi ya ukoo mzima, kwa hiyo nilikuwa jikoni namenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, nikajiambia filamu ni maneno, nitasikiliza. (Hapo ndipo nilipojimaliza.) Nikasikia mvua, nikasikia ng'ombe, nikasikia binti anaongea na kuongea, mama kimya mwanzo mpaka mwisho. Nikapandwa na hasira, nikanawa, nikajaza fomu: nafasi ya mama kusema, sifuri.

Jumamosi, siku ya waamuzi kutoa maoni mbele za watu, mlangoni mwa ukumbi Nasieku akanitambulisha kwa mama yake. Nikamwamkia shikamoo, akatabasamu, akanishika mkono, neno hakuna. Nikamwonea huruma, nikasema moyoni, maskini, hata nje ya filamu wamemzoesha kunyamaza. (Binti hakuona haja ya kunieleza kitu, si mwamuzi ameshaiona filamu?)

Kufika ndani nikaomba niwe wa kwanza kutoa maoni, na hakuna aliyenituma. Nikasema mama huyu amenyimwa sauti, nikauliza mpaka lini mama zetu wafugaji watawekwa kwenye picha kama mapambo. Mwamuzi mwenzangu akanivuta gauni, nikautoa mkono wake. Nikasema siipitishi, nikasubiri makofi.

Hayakuja. Nikamwona Nasieku, machozi yanamlenga, mikono yake inakwenda hewani mbele ya uso wa mama yake, anamfikishia kila neno langu. Mama akasimama, akajibu kwa mikono, taratibu, na binti akatutafsiria.

"Mama anasema yeye ni kiziwi tangu utotoni. Anasema ameongea filamu nzima. Anauliza, mwalimu, ulikuwa unaangalia wapi?"

Ningemjibu nini, ndizi? Basi ndicho nilichojibu. Nikasema ukweli wote mbele za watu, mtori, utomvu, kopo la chumvi, na Nasieku akimtafsiria neno kwa neno. Mama mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, akaonyesha kitu kwa mikono.

"Anauliza mzazi hajambo."

Nikalia hapohapo. Nikaomba filamu ionyeshwe palepale ukumbini, nikakaa pembeni yake, mikono mapajani. Kumbe yule mama ana maneno, jamani. Anamgombeza binti, anatania, anamlilia ndama wake, yote kwa vidole, na maandishi yako chini ya picha kwa sisi tusioelewa. Nikaichana ile fomu yangu, nikaomba nyingine. Filamu ikapita kwa wote watatu, na muhula huu imefika shuleni kwangu.

Nimeapa sitahukumu tena kazi ya mtu mikono ikiwa na shughuli nyingine. Kabla hatujaagana siku ile, mama alinifundisha namna ya kumwamkia. Wiki iliyopita nilimwona sokoni, nikaweka vikapu vyote viwili chini, katikati ya njia, watu wanalalamika nimewazibia, nikamwamkia kwa mikono. Safari hii akaniitikia.