Kiraka kwenye Shuka ya Clarrie Venning

Clarrie Venning wa Baradine, mji mdogo wa wafuga kondoo, alipiga picha za gazeti la wilaya miaka thelathini na minane: mafuriko, mashindano ya kukata manyoya ya kondoo, timu za raga zenye meno pungufu. Kisha gazeti likafungwa. Zamani watu wanne wa gazeti hilo walijua jina la kila mtoto wilayani. Siku hizi kila mfuko una simu ya kupigia picha, na hakuna anayemjua mwenzake.

Lenzi ndefu za gazeti, za kupigia picha za michezo, zilikuwa zitupwe. Clarrie akazichukua, akaomba nyingine kwa magazeti mengine yaliyokufa, hata zikafika nane. Akazifunga kwenye fremu moja kama chupa kwenye kreti, zote zikitazama mahali pamoja angani.

Darubini kubwa za mlimani huona mbali, lakini vioo vyake hutawanya mwanga kidogo, na galaksi iliyo hafifu kama pumzi kwenye dirisha hupotea humo. Lenzi safi haziipotezi. Jumlisha picha za lenzi nane, za wiki nyingi, na pumzi ile inajitokeza.

Mwezi wa Julai ikajitokeza. Doa la mwanga kando ya galaksi kubwa, lisiloandikwa popote. Clarrie akampigia Bronte Lisle, katibu wa chama chao cha watazama nyota, naye akaahidi kulitangaza Jumamosi saa sita mchana. Clarrie alikubali kwa woga. Miaka kumi na tisa nyuma alitangaza nyota yenye mkia, kumbe ni mng'ao wa taa ndani ya lenzi. Mpaka leo chamani wanamwita Mkia.

Ijumaa asubuhi mkewe, Dulcie, alikuwa anaanika shuka nyeupe. Kila alfajiri Clarrie huwamba shuka ile mbele ya lenzi na kupiga picha ya weupe mtupu, ili kompyuta ijue vumbi liko wapi na ilifute. Akaiona kwenye kamba, jua likipita ndani yake. Pembeni palikuwa na kivuli.

"Dulcie! Hiki nini?"

"Kiraka. Hujawahi kuona kiraka?"

"Umekitia lini?"

"Pasaka. Ulitaka nikuachie tundu?"

"Mama wee, umeniua! Penye kiraka pana kivuli. Kompyuta inadhani lenzi ina giza pale, inapaongezea mwanga. Inatengeneza doa!"

Dulcie akaacha vibanio. "Kwa hiyo galaksi yako ni kiraka changu?"

"Sijui."

"Basi ipewe jina langu."

Clarrie hakucheka. Dulcie alipoiona sura yake akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoa shuka ya harusi ambayo haikuwahi kulaliwa. Mama yake aliipiga pindo kwa mkono, kazi ambayo leo hakuna anayeijua wala anayeitaka.

"Chukua, baba. Usiitie mafuta tu."

Jumamosi alfajiri wakaiwamba wawili, kila mmoja pembe zake, vidole vikifa ganzi kwa baridi. Clarrie akapiga picha za weupe mpya, akairudisha kompyuta mwanzo: picha zote tangu Pasaka, zisafishwe upya. Mashine ile kongwe ilikoroma kwa muda wa saa nne nzima. Saa tano simu ikalia.

"Mzee Mkia, nitangaze au nisitangaze?" Bronte akauliza.

"Ngoja kwanza, binti. Nakuomba."

Picha ikafunguka polepole kutoka juu. Kwenye kona ya kushoto, palipokuwa na wingu dogo ambalo hakulitilia maanani, sasa palikuwa peusi. Kumbe wingu lile ndilo lililotiwa na kiraka. Clarrie akashika meza. Picha ikateremka, galaksi kubwa ikatoka, na kando yake, palepale, lile doa, limetulia.

"Lipo," alisema.

"Unasemaje?"

"Lipo! Nimebadilisha shuka na bado lipo. Tangaza, mwanangu. Tangaza!"

Bronte akapiga ukelele hadi Dulcie akausikia kutoka jikoni. Alipokuja na chai na mkate wenye siagi, Clarrie alikuwa ameshalala kitini, mdomo wazi, buti miguuni, akikoroma kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Dulcie akamfungua kamba za buti, akainywa chai mwenyewe.