Nilimtegea Mdogo Wangu Neno la Mwisho

Mimi ni mnafiki, tena wa daraja la kwanza. Msinionee huruma mkisoma haya. Nimeshahurumiwa vya kutosha na watu wasionijua.

Nina mdogo wangu wa kike, nitamwita Kabula. Akili yake haikukua kama ya wenzake. Alipofika umri wa kuolewa bado alivishwa na kuogeshwa, na alijua kurudia tu neno la mwisho alilosikia. Ukimuuliza, "Umekula ugali?" atasema, "Ugali," hata kama hajaonja kitu tangu asubuhi. Akikataa jambo hasemi. Hukaa chini akajifunika khanga gubigubi. Ukoo mzima tulilijua hilo. Utotoni tulimchezea kwa maneno yake tukacheka!

Mama alipofariki, miaka ya sabini, Kabula alibaki kijijini upande wa Ushirombo, kwa mama mdogo. Mimi nilikuwa nimeolewa Shinyanga mjini, nafundisha elimu ya watu wazima. Mdomo huo! Jioni darasani nahubiri kwamba kila mtu ana haki ya kusema juu ya maisha yake.

Mama mdogo nilimdharau. Mwanamke wa jembe, anamlisha mdogo wangu michembe, viazi vya kukausha! Nikataka Kabula ahamie kwangu. Upendo? Upendo gani! Nilitaka majirani waseme, "Mwalimu yule ana moyo!"

Nikaitisha kikao cha ukoo. Wajomba wakaja wakinung'unika jinsi walivyopakiwa kwenye malori na kumwagwa kijiji kipya cha ujamaa bila kuulizwa. Wanaume wazima, machozi yanawalenga! Nikawaambia, "Sisi hatutafanya hivyo. Kabula tutamuuliza mwenyewe." Wakanisifu.

"Kabula mdogo wangu," nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "unataka kubaki hapa, au unataka Shinyanga?"

"Shinyanga," akasema.

Wakapiga makofi. Makofi, jamani!

"Geuza swali, Mama Josefu," mama mdogo akaniambia. "Anza na Shinyanga, umalizie na hapa."

"Mtoto ameshajibu, mama mdogo. Unataka ajibu mara ngapi?"

Wakati huo Kabula alikuwa ameshakaa chini, khanga kichwani. Mjomba mkubwa alimwona. Akatazama pembeni. "Aibu za kike hizo," akasema, akaulizia pombe. Waoga wale! Wao walikuwa na haraka ya pombe, mimi nilikuwa na haraka ya sifa.

Shinyanga nikamfanya pambo la sebuleni. Wageni wakija namwita. "Kabula, si ulikuja kwa hiari?"

"Hiari."

Wanacheka, nacheka nao. Nikienda kufundisha namfungia chumbani. Akakonda. Chakula anakisukuma mbali. Nikasema ni deko tu.

Siku moja nilisahau kufunga mlango. Niliporudi, hayupo.

Tulimtafuta mpaka nikakata tamaa. Dereva wa lori la pamba, kijana wa kijijini kwetu, ndiye aliyemtambua karibu na Isaka. Alikuwa anaelekea kwa mama mdogo, kwa miguu! Mama mmoja muuza uji alikuwa amempa hifadhi. Huyo mama aliniambia alivyohangaika naye. "Nikamuuliza, unaitwa nani? Akasema, nani. Nikamuuliza, kwenu wapi? Akasema, wapi. Ningemrudisha kwa nani, dada yangu?"

Mwiba ulikuwa umemchoma mguuni na kidonda kimeoza. Hospitali wakamkata mguu chini ya goti. Mdogo wangu hakujua kwa nini anakatwa. Nani angemweleza? Mimi?

Alipopona nikamrudisha.

"Shikamoo, mama mdogo."

Akanipita. "Ng'wanone," akamwambia Kabula, yaani mwanangu kwa Kisukuma, akainama ambebe mgongoni. Mama mtu mzima yule! Alipomweka ndani akatoka, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, ulikuwa unatafuta nini kwetu?"

Nikageuka nikaondoka. Mpaka leo nikienda naishia uani. Josefu wangu ndiye anayeingia kumsalimia Kabula, mama yake mdogo.

Sasa wewe unayesoma huku unanigunia, ngoja kwanza. Una kijana kama Kabula nyumbani? Unamhamisha, unamwoza, unampeleka kwa watu asiowajua, kisha unajigamba, "Tulimuuliza, akakubali." Alikubali nini? Ulikaa naye siku kwa siku ukaona wapi anakula vizuri, wapi analala kwa amani, nani akimgusa anatulia? Au ulimtungia swali lenye jibu lako ndani, ukamtumia mtu wa Mungu kama muhuri wako?

Mwacheni akatae kwa njia yake. Na akikataa, mkubali!

Msije mkasema hamkumwelewa. Mimi nilisema hivyo kwa mume wangu, nikasema kwa padri, nikasema kwa kila aliyeniuliza kuhusu mguu ule: sikumwelewa. Uongo mtupu! Nilimwelewa vizuri sana.