Ua Lililonuswa

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mwezi uliopita, binti mmoja muuza maua alinisogezea waridi puani nje ya hekalu la Wahindi pale Voi. "Nusa, mama. Limekatwa leo." Nilirudisha kichwa nyuma kama niliyechomwa. Miaka zaidi ya arobaini, na bado hawajajifunza.

Wewe huenda unalijua hekalu hilo kwa kulipita tu. Katika utoto wangu, miaka ya sabini, kila ilipofika sherehe ya mungu mama, ile ya siku tisa, mahujaji walishuka kwa mabasi kutoka Mombasa na Nairobi, sari zimekunjamana kwa safari, na harufu ya samli na ubani ilifika hadi barabarani. Walihitaji maua. Nyanya yangu alikuwa nayo kule Mwanda, milimani, kando ya migomba. Mwaka huo maua hayo ndiyo yangeninunulia sare. Mwalimu alikuwa ameshasema nisirudi darasani bila sare.

Tuliteremka na lori la mboga, kikapu tumekifunika kwa nyasi mbichi. Nyanya aliuza maua kama alivyouza ndizi mbivu: alichukua waridi, akalinusa kwa pumzi ndefu, akafumba macho, ndipo akamnyooshea mteja. Kila mteja alirudi nyuma. Kadiri walivyokataa ndivyo alivyozidi kunusa, waone hana cha kuficha. Nilimvuta leso, akanipiga kofi mkononi.

Mwishowe mke wa mwenye duka la vitambaa, aliyetufahamu, alitoka hekaluni. "Bibi, veve ukinusa ua, harufu umekula. Sasa Mataji, mungu mama yetu, ndani atapewa makombo?"

"Kwani pua yangu ina meno?" nyanya akamjibu.

Jioni mbuzi wa jirani walikula mawaridi yote tuliyorudi nayo, nami nikalala nimemnunia nyanya. Alfajiri alikata mengine. Tulipofika langoni alijifunga leso puani, fundo kisogoni, akaketi hivyo mchana kutwa akihema kwa mdomo na kunung'unika kwamba mungu asiyetaka makombo na apike mwenyewe. Mahujaji walicheka, wakanunua hadi zikabaki nyasi. Jumatatu nilivaa sare.

Siku hizi mahujaji huja na magari yao, maua yamefungwa kwa nailoni tangu Nairobi. Kule Mwanda mawaridi yaling'olewa, pakapandwa kabichi. Mke wa mwenye duka alihama zamani. Hakuna tena wa kutoka nje kumweleza mtu.

Basi nilimweleza binti yule mimi, polepole: kwa waumini hawa harufu ya ua ni ya mungu kwanza, na ua lililonuswa halitolewi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akalinusa yeye mwenyewe.

"Lakini mama, si bado linanukia?"

Nililinunua kabla mtu mwingine hajalipeleka ndani. Shilingi hamsini, hasara tupu.