Mtangazaji wa Nyumba ya Kimya

Katika nyumba aliyokulia, kitufe cha sauti cha televisheni kilikuwa kimeshika vumbi, kwa sababu hapakuwa na wa kukihitaji. Baba alikuwa kiziwi, mama alikuwa kiziwi, na binti yao wa pekee, aliyezaliwa na masikio mazima kama ya paka, alikua akiamini kwamba mpira wa miguu ni mchezo wa kimya, kama mawingu yanavyopita. Wanaume wanaelea juu ya majani ya kijani, wavu unatikisika, uwanja mzima unafumbua vinywa kwa pamoja, na kinachosikika ni mama tu jikoni anasugua sufuria. Hata alipokuwa mtu mzima, akiota mpira aliuota hivyohivyo, bila sauti, na akiamka alibaki kitandani kidogo, hataki kuiacha ile ndoto.

Siku moja, angali mdogo, alitumwa kwa jirani kuazima chujio. Akakuta mechi ileile waliyokuwa wakiitazama nyumbani, ila hii ilikuwa na mtu ndani yake anapiga kelele. Alisimama mlangoni mdomo wazi, chujio limesahaulika. Mtu yule alikuwa akieleza kila kitu: huyu mguu unamsumbua, yule atauzwa mwakani, kocha amegombana na kipa wake. Binti akatoka mbio, akamsimulia baba yake kwa mikono.

Baba aliacha kutafuna. "Kumbe kuna mtu huwa anaeleza?"

"Yupo, na hanyamazi."

"Basi rudi kamsikilize."

Ndivyo alivyopata kazi. Kila Jumamosi alishinda akikimbia kati ya nyumba mbili, anachota maneno huku na kuyamwaga kule. Jirani, ambaye ulimi wake haukujua likizo, akambatiza Mtangazaji, na jina likamganda.

Baba alikuwa fundi wa friji. Aliweka kiganja ubavuni mwa friji, akafumba macho, akajua kama mashine ndani inafanya kazi au inalalamika. Jumamosi rafiki zake viziwi walijaa sebuleni, na wao ndio waliowapa wachezaji majina. Viziwi humpa mtu alama ya jina, na alama hiyo haimbembelezi mtu. Winga mmoja alikuwa ni kuvuta soksi. Kipa alikuwa masikio. Nahodha aliyewahi kukosa penalti akalia mbele ya watu alikuwa kidole kinachoteremka shavuni, na hata alipofunga mabao ya kutosha kujaza gunia, jina lilibaki chozi. Mtangazaji mwenyewe alikuwa kidole kilichobonyezwa penye kishimo cha shavu lake.

Alisoma, akahangaika, akaanzia pale wanapoanzia wote, pembeni ya uwanja, kwenye mvua, kipaza sauti kimefungwa mfuko wa plastiki. Siku alipopewa kiti cha studio, mwongozaji wa kipindi alimtazama kwenye skrini yake akauliza, "Dada, unafukuza nzi?" Mikono ilikuwa ikimponyoka. Kila alichokisema kwa mdomo, mikono nayo ilitaka kukisema. Ikabidi ashike kalamu kwa mikono yote miwili, na akaishika miaka na miaka.

Akawa maarufu. Watu walimtambua sokoni kabla hajageuka, kwa sauti tu. Na kila alipokuwa hewani, baba yake alivuta kiti hadi karibu kugusa kioo, akatazama midomo ya mwanawe ikichezacheza. Binti akija nyumbani, mzee alimwambia, "Ulipendeza. Lile koti limekukaa." Basi. Hakuuliza alisema nini, kwa sababu hakuwa mtu wa kuomba. Mtangazaji alimezea. Nchi nzima ilikuwa ikibishana naye, madereva walimfokea kutoka madirishani kwamba hajui mpira, na baba yake, aliyemfundisha mpira, alikuwa akimsifia koti. Alitaka jambo moja tu katika kazi ile: azungumze na baba yake kutoka kwenye kile kiti. Tuzo na picha za mabangoni alizipokea kwa adabu.

Alimwomba mhariri wa michezo. Mhariri alijibu "tutaangalia," ambayo ni kaka mkubwa wa "hapana". Aliomba tena, na tena, mpaka mhariri akaanza kupita mlango wa nyuma kumkwepa. Mwishowe akachoka.

"Haya, dada. Uchambuzi wa mapumziko. Utasema kwa mdomo na kwa mikono, vyote pamoja. Nakupa Jumamosi mbili. Watazamaji wakilalamika, tumefunga."

Jumamosi ya kwanza aliweka kalamu chini, akasema huku mikono ikifuatana na maneno. Studio ilishangilia. Mpiga picha, mwanamume wa miraba minne, alijifuta macho na kusingizia taa. Mwongozaji yuleyule wa nzi alimpa mkono. Mtangazaji alikwenda kwa wazazi wake kesho yake akijisikia anatembea futi moja juu ya barabara.

Sebuleni alimkuta baba na rafiki zake wawili. Walikuwa wamekaa kama watu waliokuja kutoa pole. Baba aligeuzageuza viganja, anatafuta neno laini.

"Mwanangu," alisema, "mikono yako ilikuwa na kigugumizi."

"Vipi?"

"Ulimi ulikuwa mbele, mikono inaukimbilia. Neno hapa, neno pale, mengine umeyakata katikati. Beki tulimwona. Alikuwa anafanya nini, hatukujua."

"Ilikuwa chai iliyotiwa mchuzi," rafiki mmoja alieleza, kwa nia njema kabisa. "Vyote vitamu, lakini si kikombe kimoja."

Baba akamgusa goti. "Ila ulipendeza."

Mtangazaji aliinuka, akaenda jikoni, akalia akiegemea friji. Sisi tunasema njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne. Lugha ya alama si Kiswahili kilichovishwa glavu. Ina mwendo wake, ina mahali pake pa kuanzia na pa kumalizia. Hilo alilijua tangu hajajua kutembea, na alilisahau siku alipowashiwa taa. Hicho ndicho kilichomuuma.

Mama, ambaye mpira aliuona ni wanaume wazima kugombea kitu kimoja wakati wangeweza kununua kila mtu chake, alimgeuza kwa bega.

"Unataka kuongea na sisi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi funga mdomo," mama alisema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Jumatatu alimkabili mhariri kwenye korido, kabla hajaufikia mlango wa nyuma. "Nataka kunyamaza."

"Unyamaze wapi?"

"Hewani. Nusu ya kwanza ya uchambuzi naongea. Nusu ya pili mikono tu."

"Dada yangu, kimya kwenye televisheni ni msiba. Watu watadhani seti zimekufa, watazipiga makofi."

"Wazipige."

Mhariri alicheka bila kupenda, kisha akaacha. "Sikiliza, sikutanii. Ukiniharibia Jumamosi yangu, utarudi kutangaza kwenye mvua, na mwavuli sikupi."

Alisema sawa. Usiku aliota uwanja wa kimya, na yeye yumo katikati, hana kalamu.

Jumamosi ikafika. Kipindi cha kwanza kilimalizika kwa ugomvi: goli lilikuwa limekataliwa, mshika kibendera anasema mfungaji ameotea, nusu ya uwanja inamtukana. Taa ya kamera ikawaka. Mtangazaji aliongea kama kawaida yake, akaeleza takwimu, akataja majeruhi. Kisha akafunga mdomo.

"Sauti!" mwongozaji alipiga kelele sikioni mwake. "Nani amekata sauti?" Mtangazaji akachomoa kifaa cha sikioni, akakiweka mezani.

Kimya kikaingia studio kama mgeni anayejua nyumba. Aliyafahamu makazi haya. Mbele ya kifua chake kulikuwa na uwanja. Kiganja cha kushoto kikawa beki, kidole cha kulia kikawa mshambuliaji, na wote wawili wakakimbia polepole kuliko ilivyokuwa, ili waonekane. Pasi ikapigwa, mguu ukatangulia. Mikono haikumfuata mtu. Alimtaja nahodha, na kidole kikateremka shavuni mbele ya nchi nzima kabla hajakumbuka kwamba jina lile lilikuwa la sebuleni kwao. Basi, lilishatoka. Mijini na vijijini wenye masikio walikaa wameduwaa, wengine wakazipiga seti zao makofi kama ilivyotabiriwa, na nyuma ya kioo mhariri alisimama mikono kichwani. Mtangazaji alimaliza hoja yake bila haraka: ameotea, mwamuzi yuko sahihi. Akakunja mikono. Taa ikazimika.

Korido ilikuwa imejaa milio ya simu.

"Wanalalamika," mhariri alimwambia. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu. "Wengi sana. Jumatatu tutaongea, lakini siwezi kukuahidi kiti."

"Nimekuelewa," alisema. Alikuwa amefanya alichokitaka na kwa kweli aliogopa.

Simu yake ikatikisika mfukoni. Alipoipokea, uso wa baba ulijaa kioo, kisha ukarudi nyuma kwa sababu rafiki aliyeshika simu alikuwa akikwepa viganja.

"Hakuotea!" mikono ya mzee ilikuwa ikikata hewa. "Umemwona beki wa kati tu! Wa kushoto alikuwa nyuma kabisa, amelala, hapo haotei mtu! Umemwacha! Umeidanganya nchi nzima!"

Mtangazaji aliiegemeza simu ukutani, juu ya kisanduku kilichokuwa sakafuni, apate mikono yote miwili. "Baba, wa kushoto alikuwa ameshatoka. Tazama mguu."

"Mguu gani? Tazama wewe! Nilikuwa nimekaa hapa, nimeona!"

"Na mimi nimerudia picha mara mbili!"

"Rudia ya tatu!"

Nyuma ya baba rafiki zake nao walikuwa wameanza kugombana wao kwa wao, mmoja yuko upande wake, mwingine anarudia kwa vidole pasi ileile aliyoichora yeye studio, sawasawa kabisa. Mtangazaji alipiga magoti sakafuni ili aonekane vizuri.

Mhariri aliyekuwa akirudi chumbani kwake alisimama. "Nani huyo? Anasema nini?"

"Baba yangu. Anasema sijui mpira," alijibu, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, na akageuka haraka, kwa sababu mzee alikuwa hajamaliza.